Imeingia, Lakini Itasimama?

Leo naiweka kompyuta kando kidogo tuzungumze habari za breki za baiskeli. Msikimbie! Ni mambo yale yale ya programu, tofauti ni moja tu: programu ikikwama unaizima na kuiwasha upya. Breki ikikataa kwenye mteremko wa kutoka Kwale kuja Kombani, hakuna kitufe cha kuwasha upya.

Hapa Waa, kama kwingineko pwani ya kusini, baiskeli nyingi za gia ni mitumba kutoka ng'ambo. Siku hizi utazikuta zina breki za diski: sahani ya chuma iliyofungwa kwenye habu ya gurudumu, na kalipa, yaani taya inayoibana sahani hiyo kwa pedi mbili. Shida ni kwamba mtumba mara nyingi hauji kamili. Huu hauna kalipa ya mbele, ule hauna mkono wa breki, mwingine diski yake imepinda. Basi fundi anachukua cha huku na cha kule, anakaza bolti, anapangusa mikono na kutamka neno ambalo nimelisikia mara nyingi hata kwa wenzangu waandishi wa programu: "Imeingia!"

Neno hilo ndilo ninalogombana nalo leo. Sina ugomvi na fundi, wala na kuchanganya vipuri. Makampuni yangependa ununue seti nzima ya jina moja, na ushauri huo unamfaa mtu mwenye duka kubwa la baiskeli mtaa wa pili. Kwetu sisi kuchanganya ndiko kunakoiweka baiskeli barabarani, na kuchanganya kwa akili ni ufundi halali kabisa. Ninachosema ni hiki: mahali vipuri viwili vinapokutana, usiulize kama vimeingia. Uliza, hapa kinapita nini? Ni umbo tu? Ni mwendo? Au ni mafuta? Kila kimoja kina sheria yake.

Tuanze na umbo, maana ndilo rahisi. Kwenye baiskeli za mlima kalipa hufungwa kwa mitindo miwili mikuu. Wa kwanza huitwa IS: matundu mawili yaliyoachana milimita 51, na bolti zinaingia kutoka ubavuni. Wa pili ni Post Mount: milimita 74, na bolti zinafuata mstari wa gurudumu. Kalipa ya Post Mount haikai moja kwa moja kwenye foki ya IS, lakini kuna kipande cha chuma kiitwacho adapta kinachozipatanisha. Hapo hakuna dhambi yoyote, ila soma kilichoandikwa juu yake. Adapta yenye maandishi F180/R160 maana yake ni diski ya milimita 180 ikifungwa mbele, au 160 ikifungwa nyuma. Ukikosea, pedi zitashika ukingo wa diski tu, au diski itagonga kalipa. Na usiweke diski kubwa kuliko ile ambayo foki yako imetengenezwa kuibeba.

Diski zenyewe zina huruma zaidi. Zile za bolti sita hutumia duara moja la milimita 44, kwa hiyo diski ya kampuni hii hukaa kwenye habu ya kampuni ile bila maneno. Habu ya meno ya Shimano, ile iitwayo Center Lock, nayo inaweza kupokea diski ya bolti sita kwa adapta yake. Angalia unene tu. Diski nyingi za Shimano huanza na milimita 1.8, na zikifikia 1.5 kazi imekwisha. Kipimo hicho huchapwa kwenye diski yenyewe. Angalia pia kama imechapwa onyo kwamba ni ya pedi za rezini peke yake, kwa sababu pedi za chuma zitaila upesi.

Sasa tuje kwenye mwendo, na hapa ndipo "imeingia" linapoanza kudanganya. Kwenye breki za waya, mikono iliyotengenezewa breki za V huvuta waya mwingi kwa nguvu kidogo. Mikono ya kantileva za zamani, na mingi ya baiskeli za mashindano ya barabarani, huvuta waya kidogo kwa nguvu nyingi. Kalipa nazo zimegawanyika hivyo hivyo. Ile maarufu ya Avid BB7 ilitengenezwa ya mlima mbali na ya barabarani mbali, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa macho zafanana, na waya unaoingia ni ule ule.

Ukifunga mkono wa waya kidogo kwenye kalipa inayotaka waya mwingi, mkono utagusa usukani kabla pedi hazijabana sawasawa. Hilo utaligundua mapema, hapo hapo kwa fundi. Kinyume chake ndicho kibaya: mkono wa breki za V kwenye kalipa ya barabarani. Ukiubana baiskeli ikiwa imesimama unausikia mgumu, imara, unapendeza. Barabarani hausimamishi. Na kumbukeni hesabu ya shule: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuzimwa na breki huzidi mara nne. Breki iliyokuridhisha kwa kilomita 20 kwa saa inatakiwa kufanya kazi mara nne kwa kilomita 40, na kwenye mteremko ule kilomita 40 unazifikia bila kukanyaga pedali.

Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Septemba 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya paundi, na upande wa pili ukazisoma kana kwamba ni vya nyutoni. Faili ilifunguka, namba zilisomeka, kila kitu "kiliingia". Mkono wa breki usiolingana na kalipa ni kosa hilo hilo: namba imefika, ila kila upande unaielewa kivyake.

La tatu ni mafuta, na hapa sina mjadala. Breki za haidroliki za Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Za Avid na Hope, na nyingi za Hayes, hutumia majimaji ya DOT, jamaa ya yale ya magari. SRAM ilikuwa ya DOT kwa miaka mingi, kisha tangu 2022 ikaanza kutoa baadhi ya breki za mafuta ya madini, kwa hiyo jina la kampuni peke yake halitoshi, soma maandishi kwenye mkono wenyewe. Ndani ya breki kuna mipira midogo inayozuia uvujaji, na kila mfumo una mpira wa aina yake. Tia DOT kwenye breki ya madini, au kinyume chake, na mipira itavimba na kuharibika. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu chupa ya DOT 4 iko kwenye duka lolote la spea za magari. Na siku ya kwanza breki itashika! Hapo ndipo mtego ulipo. Hakuna adapta ya mafuta. Usipoyapata yaliyo sahihi, usiipande baiskeli.

Sasa niseme wazi msimamo wangu, najua wapo watakaonipinga. Kwa matumizi yetu hapa Waa, breki ya diski ya waya ni bora kuliko ya haidroliki. Ndiyo, haidroliki hushika vizuri zaidi kwa kidole kimoja. Lakini waya ukikatika, waya mwingine uko kwa fundi wa karibu. Chumvi ya bahari italeta kutu, nawe utaiona kwa macho na kuubadilisha. DOT nayo hunyonya unyevu wa hewa polepole, na hewa yetu mwaijua, wala huoni kitu mpaka siku breki inapochemka. Waya ni kama faili ya maandishi matupu: hufunguka kwenye kompyuta yoyote. Ndiyo sababu Black Mamba ya babu zetu ilidumu. Fundi wa kijiji chochote aliweza kuifungua na kuifunga.

Na mchanganyiko wowote uupime kabla ya kuuamini. Kwanza jua mkono upi ni wa mbele: baiskeli za Uingereza huweka breki ya mbele mkono wa kulia, za Marekani na Ujerumani huweka wa kushoto. Kama ni haidroliki, bana mkono kwa dakika moja. Ukizama taratibu, kuna uvujaji au hewa. Kisha nenda tambarare, simama mara ishirini ukiongeza mwendo kidogo kidogo, ili pedi na diski zizoeane. Baada ya hapo ndipo ufikirie kumpakia mtoto nyuma na kuukabili mteremko.

Mafundi wetu wanaunganisha mifumo migeni kila siku bila kitabu cha maelezo, na maelezo yenyewe yameandikwa kwa lugha za wengine. Tulio na intaneti tunaweza kuwasomea maandishi madogo kwenye adapta na kwenye kifuniko cha mafuta. Fundi akisema "imeingia", mpe heko, kisha muulize kwa adabu: "Na hapa, fundi, kinapita nini?"

Haya, endesheni salama.