Huyo Mnayemcheka Ana Jina

Vijana wenzangu wa Kasese wana ugonjwa mmoja wa simu. Wakifika soko la Mpondwe, hapo Bwera mpakani na Kongo, hawaoni watu, wanaona vituko. Mwanamume anasukuma baiskeli iliyopakiwa mikungu ya ndizi hadi yeye mwenyewe haonekani: piga. Bodaboda imebeba mbuzi watatu na abiria juu yao: piga. Mama amejitwisha beseni la samaki wa chumvi, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi: piga, tuma kwenye kikundi cha WhatsApp, andika chini yake "Kasese mtatuua!" na vikaragosi vitano vinavyolia kwa kicheko. Ikifika jioni mama huyo amechekwa hadi Mbarara na Kampala, na katika wote waliomcheka hakuna anayejua anaitwa nani.

Nasema waache. Sisemi waache kupiga picha. Wapige zaidi ya wanavyopiga sasa. Waache kutusambazia watu wasio na majina.

Kabla sijaendelea, niwaondoe wale wa upande wa pili, maana najua wameshaanza kunipigia makofi. Hao ni wakubwa wetu wanaosema picha za soko, za tope na za mizigo zinaiaibisha wilaya, kwamba kijana mwenye simu apige milima, apige tembo, apige alama ya Ikweta. Alama hiyo naifahamu: maduara mawili ya saruji, moja kila upande wa barabara ya kwenda Mbarara, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Mtu husimama hapo mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, anachekelea. Ni picha nzuri. Lakini kusanya elfu moja za namna hiyo, utapata saruji ileile na nguo tofauti. Hazitakuonyesha watu wa hapa waliuza nini, walibeba nini, walivaa viatu gani mvua iliponyesha.

Tena kuna jambo ambalo wakubwa hawa hawalifikirii. Kwa watu wa mbali, Bwera ni jina la habari mbaya. Juni 2019 lilisikika duniani kwa sababu Ebola ilivuka kutoka Kongo, na mtoto wa miaka 5 akafia katika hospitali ya Bwera. Juni 2023 likasikika tena, waasi wa ADF waliposhambulia usiku shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe na kuwaua wanafunzi. Siku kama hizo kamera kubwa huja. Nani ameionyesha Bwera ya siku ambayo hakuna aliyekufa, siku ya mafuta ya mawese kuingia na samaki kutoka, siku ya kubishania bei ya kitenge? Ni hawahawa wenye simu. Ndiyo maana wananiudhi kuliko wakubwa: kazi iko mikononi mwao, nao wanaifanya mzaha.

Mtu akidhani nakuza jambo dogo, na atazame juu ya Rwenzori. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda milima hii pamoja na mpiga picha Vittorio Sella. Sella alipiga barafu kama alivyoikuta. Leo wanaopima jinsi barafu ilivyopungua huzirudia picha zake, kwa kuwa eneo lililokuwa karibu kilomita za mraba 6.5 wakati ule lilikuwa limeshuka chini ya kilomita 1 ilipofika mwaka 2003. Picha zile zimefaa kwa sababu zina mahali na mwaka. Na angalia majina. Vilele viliitwa Margherita na Alexandra, malkia wa Italia na wa Uingereza, ambao hawakuwahi kukanyaga huku. Wakonzo waliopandisha mizigo kwenye baridi ile sisi wenyewe, wajukuu zao, tunawaita "wapagazi" basi. Jiwe lina jina la malkia, babu hana. Sasa mjukuu naye, na simu mkononi, anaendeleza utaratibu uleule sokoni.

Wala jina la Mkonzo si kitu cha kudharau. Ukiambiwa Masika, umeambiwa huyu ni binti wa kwanza kwa mama yake. Biira ni wa pili, Kabugho wa tatu, Mbambu wa nne. Bwambale ni mvulana wa pili. Kwa kuuliza neno moja tu umeshaingia ndani ya nyumba yao, umejua nani alimtangulia. Hakuna maelezo ya picha yanayopatikana kwa urahisi namna hiyo, na bado hatuulizi!

Zamani ilikuwa lazima kuuliza. Mpiga picha wa kutembea na kamera yake alikuwa anakupiga leo, anakwenda kusafisha filamu mjini, kisha anakuletea picha ndipo alipwe salio lake. Asipojua jina lako wala kwako, amekula hasara. Simu imeiondoa hasara hiyo. Inachukua, haileti. Katika hao wanawake wanaozunguka kwenye vikundi vyetu, nina hakika wengi hawajawahi kuziona sura zao tunazozicheka.

Najua jibu litakalokuja: "Ni utani tu, kaka." Hapana. Utani una watu wawili. Mtani wangu akinicheka msibani nitamngoja kwake, nami nitamcheka, na wote tunajua desturi inaturuhusu. Mama wa Mpondwe atakungoja wapi? Hana namba yako, hayumo kwenye kikundi chako. Kumcheka mtu asiyeweza kujibu kuna jina lake katika Kiswahili, nalo ni kejeli.

Jibu la pili lina nguvu kidogo: ukiomba ruhusa kwanza, mtu anajikausha, anashusha mzigo, anatengeneza kilemba, na picha imekwisha. Kweli. Basi piga, halafu mfuate. "Mama, pole na kazi. Nimekupiga picha, tazama. Naomba jina lako, na je, niwaonyeshe wenzangu?" Labda atakuambia ununue samaki kwanza. Nunua. Labda atakataa, hasa pale mpakani, ambako wapo wanaopitisha debe lao kwa njia za panya na hawataki sura zao zijulikane. Akikataa, ifute mbele ya macho yake. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, lakini mimi sitaki kumtisha mtu kwa sheria. Namwuliza kama angependa mama yake mzazi atumwe hivyo.

Na tarehe, jamani, tarehe! Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Anayetaka kujua kingo za mto zilikuwa wapi, nyumba zipi zilisimama na miti ipi ilikuwepo, atazipata nyuma ya bibi harusi, nyuma ya watoto wanaocheza mpira, katika picha ambazo hakuna aliyezipiga kwa ajili ya mto. Ila nyingi hazina mwaka wala mahali. Tunazigeuza nyuma, peupe. Za kwenye simu ni afadhali kidogo, mpaka simu iangukie majini.

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna deni hapa kuliko wengine. Soko la Mpondwe linazungumza Kiswahili. Mkongo wa Kasindi na Mkonzo wa Bwera hata wakiwa na lugha moja ya nyumbani, mgeni wa tatu akija hesabu huhamia Kiswahili. Lakini kwenye picha zetu tunaandika Kiingereza cha kuchekesha, ambacho muuza samaki hatakisoma. Tuandike mistari miwili: nani, wapi, lini, amebeba nini kwenda wapi. Kisha tusafishe nakala moja studio na kumpelekea siku ya gulio linalofuata, tukimtafuta kwa jina.