Hakuna Aliyeniuliza Kama Ninalala

Makamanda, leo Tume ya Uchaguzi naiweka pembeni. Nazungumzia ndevu.

Zangu. Zilianza nikiwa na miaka 19. Hedhi ikawa inapotea hata miezi minne, mwili unaongezeka tu. Mtaani nikaitwa jike dume. Miaka sita baadaye ndiyo nikapigwa ultrasaundi, nikaambiwa ni PCOS: homoni za kiume zimezidi, mayai hayapevuki inavyotakiwa. Daktari akaandika metformin, akasema punguza uzito, zaa mapema. Dakika kumi nikawa nje. Wiki hiyo ilikuwa ya tatu sitamani kuamka, na nilishaanza kuwaza mambo ambayo sitayaandika hapa. Hakuuliza, na mimi niliona aibu kusema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake asilimia 10 hadi 13 walio kwenye umri wa kuzaa wana PCOS, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Sonona na wasiwasi uliopitiliza vinawapata zaidi kuliko wenzao. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka kila anayegundulika aulizwe kuhusu hali yake ya akili. Ni maswali machache kwenye karatasi. Hakuna mashine ya kuagiza, hakuna mkopo wa kusaini.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka huohuo. Sasa serikali ituambie: binti mwenye PCOS, kule zahanati ya kata, atapata mtu wa kuzungumza naye, au vidonge tu?

Ila tusijifanye wasafi. Mwaka jana kwenye grupu letu mtu alirusha picha ya dada mmoja wa chama tawala, kidevu kimezungushiwa duara jekundu. Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Na mimi nikaweka changu. Kisha nikaingia bafuni na wembe.

Dada unayesoma hapa, kama uko pale nilipokuwa, mwambie mtu leo hii, usingoje kliniki ijayo.

Kikao kijacho napeleka hoja: maswali yale yaingie kwenye ilani yetu, na picha za namna ile zitoke kwenye magrupu yetu. Aliyeirusha namjua. Huwa tunakaa safu moja.