Usingoje kifua kiume ndipo uulize habari za moyo

Mkazi wa mjini akishikwa na homa hukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Hupimwa malaria, akapewa dawa, akarudi kazini. Lakini ni nadra aulizwe kama babake aliwahi kupata mshtuko wa moyo, au yeye mwenyewe huvuta sigara ngapi kwa siku. Naye haulizi, kwa kuwa kifua hakimuumi. Kwa maoni yangu, mtu aliyetimiza miaka 40 akiondoka hospitalini namna hiyo, hajahudumiwa ipasavyo.

Maradhi ya moyo hayaanzi siku ile mtu anapoanguka ofisini. Mafuta hujikusanya ndani ya mishipa ya damu kwa miaka mingi, njia ya damu ikizidi kuwa nyembamba, na mwenyewe hana habari. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta mbinu ya kukadiria hatari mapema. Mwaka wa 1948, katika mji wa Framingham nchini Marekani, watafiti walianza kuwapima watu 5,209 na kuwafuatilia kwa miaka na mikaka. Waliougua walilinganishwa na waliobaki wazima, ikadhihirika kwamba shinikizo la damu, kolesteroli nyingi na sigara ni maadui wakubwa wa moyo.

Jambo ninalotaka ulielewe, msomaji, ni kwamba hatari haipimwi kwa kitu kimoja. Chukua watu wawili ambao nambari ya juu ya presha yao ni 145. Mmoja ni mwanamke wa miaka 42, havuti sigara na uzani wake ni wa kawaida. Wa pili ni mwanamume wa miaka 63, anavuta sigara na ana kisukari. Mashine imetoa nambari ile ile, lakini hatari inayomkabili huyu wa pili ni kubwa zaidi kwa mbali. Anayetazama presha peke yake atawaona kuwa sawa.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi ni za matajiri wenye uwezo wa kulipia maabara. Sivyo. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya yaliyotengenezwa kwa kila eneo la dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Mojawapo halihitaji damu hata tone. Linataka umri, jinsia, kama mtu anavuta sigara, presha, na uzani ukilinganishwa na kimo. Muuguzi wa zahanati mwenye mizani, mashine ya presha na kitu cha kupimia kimo anaweza kulitumia kwa dakika chache.

Jibu hutolewa kwa asilimia. Ukiambiwa hatari yako ni asilimia 20, maana yake ni kwamba kati ya watu 100 walio katika hali kama yako, takriban 20 watapata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Huo si utabiri wa mganga wala hukumu ya kifo. Ni onyo linalokupa nafasi ya kujirekebisha.

Hata hivyo jedwali halijui kila kitu. Halijui kwamba babako au kaka yako aliugua moyo kabla ya miaka 55, au mamako au dada yako kabla ya miaka 65. Hayo ni lazima umweleze daktari wewe mwenyewe. Na aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hahitaji jedwali. Yeye tayari yumo hatarini na anahitaji matibabu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Hapo lawama ni yetu sote. Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao, kwani mara nyingi huandika nambari kwenye kadi bila kumweleza mgonjwa maana yake. Mgonjwa asiyeelewa nambari yake hawezi kubadilisha chochote.

Basi utakapokwenda hospitali, hata kama ni kwa sababu ya jino, omba upimwe presha. Keti kwa utulivu dakika tano kwanza, na usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Ikifika 140 kwa 90, rudi siku nyingine upimwe tena. Uliza kuhusu sukari, kisha uliza: hatari yangu kwa jumla ni kiasi gani?

Umri na ukoo huwezi kuvibadilisha. Sigara unaweza kuiacha. Chumvi unaweza kuipunguza hadi chini ya kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, na unaweza kushuka kwenye matatu mapema utembee nusu saa, siku tano kwa juma. Dawa ukiandikiwa, zimeze hata unapojihisi mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo ni ghali mno kuujenga.