UCHAMBUZI: Funzo la chokoleti nyeusi kwa mkulima wa miwa wa Ekero

Kwa mkulima wa miwa wa Ekero, kituo cha biashara kilicho karibu na mji wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, chokoleti nyeusi ni anasa ya watu wa mbali. Hata hivyo, kipande cha chokoleti hiyo kina swali linalomhusu moja kwa moja: mbona zao moja hulipwa kwa ubora wake na kutajwa kwa jina la mahali lilikotoka, ilhali jingine hulipwa kwa uzani tu na kupotelea ghalani bila jina?

Chokoleti inayozungumziwa hapa ni ile itengenezwayo kwa kakao ya eneo moja pekee. Mara nyingi huwa na vitu viwili tu, kakao asilimia 70 na sukari asilimia 30. Haina maziwa ya kuficha kasoro. Karatasi yake hutaja bonde au kijiji ilikovunwa kakao, lakini ni nadra kutaja asili ya sukari. Hivyo, katika kila gramu 100, gramu 30 ni jasho la mkulima wa miwa au viazisukari asiyejulikana.

Wanaoonja ili kulinganisha huchagua chokoleti za mtengenezaji mmoja, zenye kiwango kimoja cha kakao, ili tofauti itakayojitokeza iwe ya shamba na wala si ya kiwanda. Kipande huvunjwa, hunuswa, kisha huachwa kiyeyuke ulimini bila kutafunwa. Kabla ya kuonja kingine, kinywa husafishwa kwa maji. Kakao ya bonde la Sambirano, Madagascar, husifika kwa ukali unaokumbusha machungwa na matunda mekundu. Ya Ghana ina ladha tulivu ambayo walaji wengi huihesabu kuwa ndiyo ladha ya chokoleti yenyewe. Ya Kilombero, nchini Tanzania, imejipatia sifa kwa ladha yake ya matunda.

Tofauti hizo hazitokani na udongo pekee. Punje za kakao zikishatolewa katika tunda huvundikwa kwa siku tano hadi saba, kisha huanikwa. Zisipovundikwa ipasavyo, chokoleti huwa chungu na ya kukaza ulimi, na hakuna kiwanda cha Ulaya kinachoweza kurekebisha kasoro hiyo kikamilifu. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza shughuli zake mwaka 2013 huko Mbingu, Kilombero, iliamua kununua kakao mbichi kutoka kwa wakulima wadogo na kuivundika yenyewe mahali pamoja. Ubora ukawa wa kutegemewa, na jina la Tanzania likachapishwa kwenye chokoleti zinazouzwa Marekani na kwingineko.

Muwa nao una saa yake. Ukikatwa kabla ya kukomaa huwa na maji mengi na sukari haba. Ukikatwa kisha ukachelewa kufika kiwandani, sukari yake hupungua kila siku. Lakini mkulima wa magharibi mwa Kenya amezoea kulipwa kwa tani. Mwenye muwa uliokomaa na mwenye muwa mchanga hulipwa bei moja, na viwanda vinavyong'ang'ania malighafi havina subira. Matokeo yake yalidhihirika Julai 2025, Bodi ya Sukari ya Kenya iliposimamisha usagaji katika eneo la magharibi kwa sababu miwa iliyokuwa ikivunwa ilikuwa haijakomaa.

Suala hili si geni. Kulipa kwa kiwango cha sukari ni miongoni mwa masharti ambayo Kenya ilipewa na COMESA kwa muda mrefu, ili iendelee kukinga soko lake dhidi ya sukari ya bei nafuu kutoka nchi wanachama. Kinga hiyo iliyodumu kwa zaidi ya miaka 20 ilifikia kikomo Novemba 2025. Sasa muwa wa Ekero unashindana bila ngao.

Itasemwa kwamba sukari si kakao, na ni kweli. Sukari nyeupe ikishasafishwa haina ladha ya kwao. Jina la Mumias liliwahi kuwa maarufu katika kila duka la Kenya, lakini halikuiokoa kampuni hiyo isiwekwe chini ya mrasimu mwaka 2019 kwa sababu ya madeni. Bidhaa ya muwa inayobaki na ladha ya asili ni sukari nguru, ambayo hutengenezwa katika vijiji vingi vya magharibi. Kwa sasa sehemu yake huishia katika utengenezaji wa pombe haramu, wala hakuna anayeionja ili kuipanga kwa daraja.

Aidha, jina pekee halimlishi mkulima. Bei ya kakao mjini New York ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kisha ikaporomoka mwaka 2025. Bei ya kawaida inapopanda hivyo, anayelipa zaidi kwa ajili ya ubora hupoteza mvuto wake. Inaposhuka, mkulima huumia hata kama kijiji chake kimeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Funzo basi si kwamba Ekero ipande kakao, zao linalopenda joto na unyevu wa mabondeni. Funzo ni kwamba ubora hupimwa karibu na shamba na hulipwa hapo hapo. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 iliirejesha bodi ya kusimamia sekta hii. Bodi hiyo itapimwa kwa jambo moja: iwapo kipimo cha sukari kitawekwa kando ya mizani, na mkulima akaruhusiwa kuyasoma matokeo yake. Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hakiwezi kujiuza mahali ambapo hakuna anayekipima.