Virusi Havingoji Sampuli Ifike

Tarehe 9 Desemba 2024, mwanamke mmoja wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, alianza kuugua. Baada ya wiki moja alikuwa amefariki dunia. Ndiye anayedhaniwa kuwa mgonjwa wa kwanza.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kuwa ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa mkoani Kagera.

Kati ya tarehe hizo mbili zilipita siku 42.

Siku 42 ndizo zinazotakiwa kupita bila mgonjwa mpya ndipo mlipuko wa Marburg utangazwe umekwisha. Biharamulo zilipita kabla ugonjwa haujatangazwa kwa jina lake. Watu kumi walihesabiwa kuugua: wawili kwa kuthibitishwa na maabara, wanane kwa kudhaniwa. Wote kumi walikufa.

Tarehe 13 Machi 2025 mlipuko ulitangazwa umekwisha. Virusi havikwisha. Vinaishi ndani ya popo wala matunda, na popo wangali mapangoni.

Marburg itarudi.

Haya si maneno ya kutisha watu. Machi 2023 iliingia Wilaya ya Bukoba, Kagera hii hii, ikaua watu sita kati ya tisa, mmoja wao mhudumu wa afya. Septemba 2024 ikazuka Rwanda: wagonjwa 66, vifo 15. Mlipuko ule ulihusishwa na mgodi wenye popo. Durba, mashariki mwa Kongo, kati ya 1998 na 2000, nako mlipuko ulianzia kwa wachimbaji wa dhahabu: wagonjwa 154, vifo 128.

Sasa tazama ramani. Ngara, wilaya jirani ya Biharamulo, inapakana na Rwanda na Burundi. Malori yanavuka Rusumo na Kabanga, yanapita Benaco, yanateremka Lusahunga na Nyakanazi, usiku na mchana. Biharamulo ina machimbo ya dhahabu. Popo, machimbo, mpaka, barabara kuu: vyote vinne viko hapa.

Hatari kubwa ni kuchelewa kujua.

Marburg huanza kwa homa kali, kichwa kuuma na mwili kuchoka. Malaria nayo huanza hivyo. Mgonjwa anafika zahanati, anapimwa malaria. Kagera malaria ni ya kawaida, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonyesha malaria kweli, na Marburg ikawa imejificha nyuma yake. Anapewa dawa, anarudi nyumbani. Ndugu wanamuuguza kwa mikono mitupu. Akifa, wanaosha mwili. Wanaoambukizwa wanaweza kukaa hadi siku 21 kabla ya kuugua, wakisafiri, wakiuza sokoni, wakipanda bodaboda.

Kila siku ya kuchelewa huongeza jina kwenye orodha.

Wapo wanaosema teknolojia itatuokoa. Inaweza. Lakini tuseme ukweli kuhusu muda wake.

Chukua mfano: kipimo cha sukari anachotumia mgonjwa wa kisukari nyumbani ni kihisi cha kikemia na umeme. Tone la damu linagusa kijiti chenye kimeng'enya, mkondo mdogo wa umeme unapita, namba inatokea. Wazo hilo lilianza na Leland Clark, Marekani, mwaka 1962. Leo wanakemia wanapaka juu ya elektrodi chembe ndogo mno za dhahabu au kaboni, wanabandika kingamwili inayonasa virusi, kisha wanasoma badiliko la umeme. Chembe hizo zinaongeza eneo la kunasia na kupitisha umeme vizuri. Lengo ni jibu papo hapo, mbele ya mgonjwa.

Kazi hiyo hula maisha ya mtu. Profesa Omowunmi Sadik, Mnigeria aliyesomea kemia Chuo Kikuu cha Lagos, alipata shahada ya uzamivu Australia mwaka 1994. Tangu hapo amejenga vihisi vya kutambua sumu, vilipuzi na dawa za kulevya nchini Marekani. Miongo mitatu. Kihisi hakiagizwi siku ya mlipuko.

Kihisi kinachofanya kazi kwenye maji safi ya maabara mara nyingi hukwama kwenye damu. Protini za damu huganda juu ya elektrodi. Joto huharibu kingamwili. Lazima kijaribiwe kwa damu ya watu wenye malaria na kwa joto la zahanati isiyo na jokofu la uhakika. Lazima kipite Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Hiyo ni kazi ya miaka, na huanza wakati wa utulivu.

Tukingoja mlipuko mwingine, tutakuwa tumechelewa tena. Na hofu ikitanda, watakuja wauzaji wa vifaa visivyothibitishwa. Kipimo kinachosema "huna" wakati unayo ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Yafanyike haya sasa.

Maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, ndiyo iliyobaini Marburg Januari 2025. Uwezo huo ubaki mkoani mwaka mzima, na wataalamu, mafuta na vitenganishi vyake.

Homa isiyosikia dawa ya malaria, au vifo viwili vya ghafla katika nyumba moja, sampuli iondoke siku hiyo hiyo. Simu ipigwe 199, namba ya Wizara ya Afya.

Kila zahanati iwe na glovu za kutosha na chumba cha pembeni. Mhudumu asiye na glovu ndiye mgonjwa anayefuata.

Wachimbaji wasiingie mashimo na mapango yenye popo. Ndugu wasioshe maiti inayoshukiwa.

Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wazilete kazi zozote za vihisi walizo nazo Ngara na Biharamulo, wazijaribu hapa, ambako zitahitajika.

Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa wala dawa iliyoidhinishwa. Silaha tuliyo nayo ni kujua mapema: mgonjwa atengwe, apewe maji na uangalizi wa karibu, aliokutana nao wafuatiliwe.

Kamati za afya za Ngara na Biharamulo zikutane mwezi huu zijibu swali moja. Sampuli ikichukuliwa leo asubuhi kijijini, jibu linarudi lini?

Kama hakuna anayejua, kazi ianzie hapo.