Chuma kimekaa wapi ndani ya sampuli?
Mwandishi, suala la usafi wa sampuli umelipita haraka mno. Oksidi ya zinki iliyotiwa chuma kidogo ikionyesha usumaku, huenda chuma hakikuenea. Kimejikusanya kikawa chembe za magnetaiti, ambayo haipotezi usumaku wake mpaka nyuzi joto 585 hivi za Selsiasi. Mionzi ya eksi mara nyingi haizioni chembe hizo zikiwa chache. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa kushika utando wa oksidi ya hafniamu kwa kibano cha chuma kulitosha kuleta ishara ya usumaku! Kipimo cha Mössbauer, kinachotegemea chuma-57, hutambua atomi za chuma zimezungukwa na nini. Naomba sana wanafunzi wetu wafundishwe hicho kwanza, ukinzani wa umeme wapime baadaye.