Deni la marehemu hutangulia mirathi

JICHO LA WIKI
Na Salma Kitwana

Januari 26, 2012, watu wapatao 12,000 walijaa kwenye ukumbi wa Bryce Jordan Center, katika Chuo Kikuu cha Penn State, jimboni Pennsylvania, Marekani, kumkumbuka kocha Joe Paterno. Alikuwa amefariki dunia siku nne kabla kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 85. Wachezaji wa vizazi mbalimbali walipanda jukwaani kumsifu. Aliyeamsha ukumbi, hata hivyo, ni Phil Knight, mwanzilishi wa kampuni ya Nike. Alisema kama kuna mwovu wa kutafutwa katika mkasa uliomwondoa kocha kazini, basi atafutwe kwa walioendesha uchunguzi, Paterno aachwe. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Julai mwaka huohuo ripoti ya uchunguzi ilipotoka, Nike iliondoa jina la Paterno kwenye kituo cha kulelea watoto wa wafanyakazi wake, na Knight akasema inaonekana kocha alikosea kweli. Februari 2013 akageuka tena na kuungana na familia ya marehemu kuipinga ripoti ileile. Marehemu mmoja, msemaji mmoja, kauli tatu katika muda wa takriban mwaka.

Sina nia ya kumcheka Knight. Kumlilia mtu mkubwa aliyeondoka na doa kunasumbua, na wengi wetu tukifikishwa hapo hushika moja kati ya njia mbili: tunamsafisha marehemu mpaka ang'ae, au tunamfuta kana kwamba hakuwahi kuishi. Naona zote mbili ni njia za kukwepa. Ipo ya tatu, na sisi watu wa huku tunaifahamu vizuri kutoka makaburini kwetu. Nitaifikia.

Kwanza marehemu apewe haki yake. Paterno alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926. Alifika Penn State mwaka 1950 akiwa kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mwaka 1966 akawa kocha mkuu, na hakuachia nafasi hiyo hadi 2011. Alishinda mechi 409, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa ngazi ya juu ya vyuo aliyeifikia, na alichukua ubingwa wa taifa mwaka 1982 na 1986. Ukimwona pembeni ya uwanja na miwani yake minene, suruali imepandishwa na soksi nyeupe ziko nje, ungedhani ni mwalimu wa hesabu aliyepotea njia. Kumbe uwanja wa Beaver, unaochukua watu zaidi ya laki moja, ulikuwa wake.

Na hakujenga timu tu. Alishikilia kwamba mchezaji wa chuo ni mwanafunzi kwanza, katika mchezo ambao vyuo vingi vilikwishaacha kujifanya vinajali masomo ya vijana hao. Yeye na mkewe, Sue, walikichangia chuo zaidi ya dola milioni 4, na maktaba ikapewa jina lao. Aliishi nyumba ya kawaida kabisa jirani na chuo. Maelfu waliojipanga barabarani jeneza lilipopita walikuwa na sababu ya kulia, na wengi wao aliwatendea wema kwa mikono yake.

Sasa doa lenyewe. Jerry Sandusky alikuwa msaidizi wa Paterno kwa miaka mingi. Mwaka 1977 alianzisha taasisi ya hisani iitwayo The Second Mile, ya kusaidia watoto wanaoishi katika mazingira magumu, na humo ndimo alimowapata wavulana aliowadhalilisha. Alistaafu mwaka 1999, lakini aliruhusiwa kuendelea kuingia na kutoka kwenye majengo ya timu. Usiku mmoja wa Februari 2001, Mike McQueary, kijana aliyekuwa akijifunza ukocha hapo, alimkuta bafuni na mtoto wa kiume. Kulipokucha akaenda nyumbani kwa Paterno kumweleza. Paterno akalifikisha jambo kwa mkurugenzi wa michezo, Tim Curley. Wakubwa wa chuo wakajadiliana, wakamwambia Sandusky asilete tena watoto chuoni, wakaijulisha taasisi yake, wakafunga faili. Polisi hawakuambiwa. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya juhudi ya kumtafuta mtoto yule ajue anaitwa nani, kwao ni wapi, na usiku ule alifikaje nyumbani.

Mwaka uleule wa 2001, Paterno alipovunja rekodi ya ushindi ya kocha Bear Bryant, chuo kilimzindulia sanamu ya shaba nje ya uwanja.

Sandusky aliendelea na uovu wake kwa miaka kadhaa. Alikamatwa Novemba 2011, na Juni 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 dhidi ya wavulana 10. Kifungo chake ni miaka 30 hadi 60. Curley, pamoja na aliyekuwa rais wa chuo, Graham Spanier, na makamu wake, Gary Schultz, nao walipatikana na hatia ya kuhatarisha ustawi wa mtoto. Chuo kimelipa fidia inayozidi dola milioni 100.

Paterno hakuwahi kushtakiwa. Waendesha mashtaka walisema alitimiza kile ambacho sheria ya jimbo ilimtaka afanye. Ripoti ile ya uchunguzi, ulioongozwa na Louis Freeh, ilimhesabu miongoni mwa walioficha. Familia yake inaipinga mpaka leo na ina hoja zake. Basi na tuchukue simulizi iliyo nyepesi kwake kuliko zote: aliambiwa, akapeleka taarifa kwa wakubwa wake, akaendelea na kazi. Yeye mwenyewe, siku ile ile aliyofukuzwa, alisema anatamani angefanya zaidi.

Ila neno "wakubwa wake" linanipa shida. Mwaka 2004, timu ikiwa inafungwa ovyo, rais wa chuo na Curley huyohuyo walimfuata Paterno nyumbani kumshawishi astaafu. Akakataa. Wakaondoka, naye akabaki kazini miaka mingine saba. Mtu ambaye bosi wake anamfuata nyumbani kumwomba aondoke, akagoma na bosi akanywea, huyo hana mkubwa pale mjini. Akiinua simu, polisi wanakuja. Ni kweli alipeleka taarifa juu, lakini juu palikuwa ni kwake.

Sasa turudi makaburini. Kwa Waislamu wa huku, maiti akiwa hajazikwa, msemaji wa familia husimama akatangaza: kama kuna mtu anamdai marehemu, awaone wafiwa. Hakuna anayeichukulia kauli hiyo kama tusi kwa maiti. Kinyume chake, familia isiyotangaza ndiyo inayonong'onwa. Na utaratibu unajulikana: deni hulipwa kwanza, mirathi hugawanywa baadaye. Mtoto akikimbilia kugawana shamba kabla ya wadai kusikilizwa, wazee watamrudisha nyuma.

Paterno aliacha mirathi ya jina. Sanamu ni mirathi, 409 ni mirathi, maktaba ni mirathi. Kilichotokea Penn State ni kwamba watu walianza kugombea mirathi kabla ya kuuliza nani anadai. Usiku wa Novemba 9, 2011, alipofukuzwa kwa simu, wanafunzi walimiminika barabarani wakapindua gari la kituo cha televisheni. Walikuwa wanamtetea mzee. Wavulana waliodhalilishwa hawakutajwa kwenye kelele zile.

Hata hivyo, siku mbili baadaye maelfu ya wanafunzi wa chuo hichohicho walikusanyika na mishumaa kwa ajili ya waathirika. Kesho yake, kabla ya mechi na Nebraska, wachezaji wa timu zote mbili walipiga magoti pamoja katikati ya uwanja, na mashabiki wengi walivaa rangi ya bluu kupinga ukatili dhidi ya watoto. Penn State ilifungwa 17 kwa 14. Kwa wikiendi ile moja, mji ule uliweza kumlilia kocha wake na kuwalilia watoto kwa wakati mmoja. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Ilipofika Januari kwenye ukumbi wa kumbukumbu, ustadi ule ulikuwa umeshasahaulika.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, nacho kilishika njia ya kufuta. Julai 2012, siku moja baada ya chuo kuing'oa sanamu, kilikitoza chuo faini ya dola milioni 60 na kufuta ushindi wote wa kuanzia 1998 hadi 2011, ukiwamo ushindi 111 wa Paterno. Januari 2015 ushindi huo ukarudishwa, na wapenzi wake wakashangilia kana kwamba marehemu amefufuka. Mimi nasema kuufuta kulikuwa mchezo wa kuigiza. Mechi zilichezwa, vijana walitoka jasho, na hakuna mtoto aliyepona kidonda kwa sababu namba imeshuka kutoka 409 hadi 298. Vilevile haikupunguza maumivu ya yeyote namba ile iliporudi. Kilichofanana na kulipa deni ni ile faini yenyewe: kwa makubaliano ya 2015, fedha zilibaki Pennsylvania kwa kazi ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto na kuwahudumia walioumizwa.

Sanamu ilistahili kuondoka, kwa kuwa sanamu ni wito wa kuiga, na aliyoyafanya 2001 hayafai kuigwa na kocha yeyote. Jina kwenye maktaba libaki, kwa kuwa mchango ule ulikuwa wa kweli na wanafunzi bado wanafaidi. Na 409 ibaki kwenye vitabu, ila anayeitaja ataje na mwaka 2001 katika pumzi ileile.

Haya si ya Wamarekani peke yao. Huku kwetu watoto husafiri na walimu na makocha kwenda kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na hulala mbali na wazazi wao kwa majuma. Vituo vya kukuza vipaji vinaongezeka, na mzazi mwenye mtoto anayejua mpira humkabidhi kwa kocha akishukuru Mungu. Wengi wa makocha hao ni watu wa kuaminika. Lakini siku mtoto akija na habari mbaya, tunajua njia inayofuata: mwalimu anamwambia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anaita kamati, kamati inaita wazazi, na mwisho "yanamalizwa kifamilia". Kila mmoja ametimiza wajibu wake, kila mmoja amepeleka juu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania haimwachii mtu kujificha nyuma ya mkubwa wake: yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Tunapenda kusema marehemu hasemwi vibaya. Ni adabu nzuri na sitaki ife. Lakini adabu hiyo haijawahi kufuta tangazo la deni, na kuna watu wanaobaki nyuma na madai ambayo hayahesabiki kwa shilingi. Siku tutakapomzika kocha wetu mpendwa, asomewe wasifu wake wote na vikombe vyake vyote vitajwe. Kisha, kama kuna mtoto aliyeumizwa kwenye ulinzi wake, familia na klabu wamsikilize kabla ya kufikiria kuupa uwanja jina lake.

Na wewe unayesoma, usingoje matanga. Ukimkuta mtu na mtoto pasipostahili, au mtoto akikwambia neno linalokunyima usingizi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Mwambie bosi wako pia ukipenda, lakini baada ya kupiga. Na kabla ya yote hayo, hakikisha mtoto yuko salama.